Kadi ya Kidijitali: Jina Lako Li Mikononi mwa Nani?

Katika mikutano ya kazi na biashara siku hizi, Nairobi na hata hapa kwetu Mombasa, kumezuka ada mpya ya kujuana. Zamani watu wawili wakishaamkuana, kila mmoja alitia mkono mfukoni akatoa kijikaratasi kigumu chenye jina lake, kazi yake, sanduku lake la posta na namba ya simu, akampa mwenziwe. Leo kijana hutoa simu, akakuonyesha kisanduku kilichojaa vidoadoa vyeusi na vyeupe, akasema, "Mzee, hebu skani hapa." Au hutoa kipande cha plastiki akakigusisha mgongoni mwa simu yako, na mara jina lake, picha yake, kampuni yake na mitandao yake yote ikafunguka kiooni. Ukimwomba karatasi hukutazama kama mtu aliyeombwa taa ya chemni.

Msomaji asinidhanie kuwa ni katika wale wanaokataa kila kipya. Walikuwako wazee waliopinga santuri, wakapinga redio, na mwisho wao wakanunua zote mbili wakazifunika kitambaa cha darizi ukumbini. Simu hiyo mimi ninayo na makala haya nimeyaandika juu yake. Ninalotaka kulisema ni la jina la mtu: nani analiandika, nani analiweka, na siku mwenyewe akiondoka linabaki wapi.

Wahenga walinena asiyekujua hakuthamini, na papo hapo wakanena chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukizishika methali hizi mbili pamoja utaona kwa nini Mswahili amekuwa mzito wa kadi. Anaijua haja ya kujulikana, lakini aona haya kujitangaza. Kwa hiyo ada yetu ilikuwa mtu hajitaji; hutajwa. Ukenda mji wa watu, aliyekupeleka ndiye aliyesema: huyu ni fulani bin fulani, babake alikuwa fundi wa majahazi Lamu, amesoma chuoni kwa maalim fulani, ni mtu wa amana. Ukisafiri peke yako ulichukua barua, na barua ile ilikuwa na uzito wa aliyeitia sahihi, si uzito wako wewe. Sisi tuliosoma vyuoni twaitambua njia hii. Hadithi haipokewi mpaka ijulikane nani kaisikia kwa nani, na yule naye kaipokea kwa nani, hadi mwisho wa mnyororo. Na pete moja ikiwa dhaifu, mnyororo wote hutiliwa shaka. Kujuana kwetu kulikuwa kwa isnadi.

Hata hivyo si kweli kwamba hatukuwa na kadi kabisa. Mshairi wa utenzi alikuwa nayo. Tazama beti za mwisho za tenzi zetu za kale, utamwona mtungaji anataja jina lake, na aghalabu mji wake na tarehe. Mwana Kupona binti Mshamu, katika wasia aliomtungia bintiye, hakuweka kalamu chini mpaka alipokwisha kutaja jina lake, Pate alikozaliwa, na mwaka wa 1275 wa Hijria, unaolingana na 1858. Kadi gani ya leo ina zaidi ya hayo? Na imepita miaka zaidi ya 160, anwani haijabadilika.

Na katika Barabara ya Biashara, hapa Mombasa, liko duka la leso la Kaderdina Hajee Essak, ambalo asili yake ni mwaka wa 1887. Leso zake huchapwa alama ya K.H.E. na maneno Mali ya Abdulla. Hiyo nayo ni kadi, tena kadi inayokwenda sokoni, harusini na matangani juu ya mabega ya mteja, na mteja mwenyewe ndiye aliyeilipia. Sijaona mtambo wa Marekani uliofikia werevu huo.

Wenzetu wa ng'ambo nao hawakuanza kadi kwa maringo. London ya karne ya 17 haikuwa na namba za nyumba; maduka yalijulikana kwa mabango yaliyoning'inizwa mlangoni, na mwenye duka akachapisha karatasi yenye picha ya bango lake na maelezo ya njia ya kumfikia. Mtu wa Mji wa Kale hahitaji kufafanuliwa jambo hili. Kadi ngapi za Mombasa mumeziona zimeandikwa "mkabala na msikiti fulani" au "nyuma ya kwa fulani muuza vyuma"? Huko Japani kadi, ambayo wao huiita meishi, hutolewa kwa mikono miwili na hupokewa kwa mikono miwili, na aliyepokea huisoma kwanza mbele ya mwenyewe. Kuitia mfuko wa nyuma na kuikalia ni utovu wa adabu. Nasi tuna ya kwetu: kitu hakitolewi wala hakipokewi kwa mkono wa kushoto. Sasa niambieni, simu inapogusana na simu, mkono wa kulia uko wapi?

Vile vidoadoa vina asili yake. Vilibuniwa Japani mwaka wa 1994 na fundi Masahiro Hara na wenzake wa kampuni ya Denso, ili kufuatilia vipuri vya magari kiwandani. Kampuni ilikuwa na hataza yake lakini haikuwadai watu ada ya kuvitumia, na hiyo ni sababu kubwa ya kuenea kwake hadi kwenye meza za mikahawa yetu. Mwaka uliofuata, 1995, makampuni kadhaa, Apple na IBM yakiwamo, yakakubaliana juu ya namna moja ya kuandika kadi ndani ya kompyuta, ikaitwa vCard, ili kadi iliyotoka mtambo huu isomeke katika mtambo ule. Ama kile kipande cha plastiki cha kugusisha, ndani yake mna kijiredio kisicho na betri, kinachoamshwa na simu inapokaribia kiasi cha vidole viwili. Njia hiyo huitwa NFC.

Kitu kipewe haki yake. Karatasi huchakaa kwa uwongo kabla ya kuchakaa kwa kushikwa. Namba za simu za Mombasa zilikuwa zikianza kwa 011, kisha zikawa 041, na kadi zote zilizochapwa kabla ya hapo zikageuka kuwa za kufungia karanga. Watu wakahama masanduku ya posta, wakaja na simu za mkononi, wakabadilisha laini. Ninazo kadi za mafundi ambazo namba imekatwa kwa kalamu mara tatu na ya nne imebanwa pembeni kama mchwa ukutani. Kadi ya kidijitali hubadilishwa mara moja na walio nayo wote wakapata ile mpya. Tena humpeleka mgeni kwa ramani hadi mlangoni, na aliyewahi kumwelekeza mtu wa Nairobi katika vichochoro vya Kibokoni kwa mdomo anajua neema hiyo ni kubwa kiasi gani. Kijana aliyetoka chuo kikuu juzi, anayebadilisha kazi kila miezi sita, kumtaka achapishe kadi mia tano ni kumtupia fedha zake baharini. Hayo yote nayakubali. Ile hoja ya kuokoa miti siiwekei uzito mkubwa, maana simu nazo hazioti mtini.

Shida yangu ya kwanza ni namna mtambo unavyoliandika jina. Ule mpango wa vCard huligawa jina la mtu vipande: jina la ukoo, jina lake mwenyewe, majina mengine, lakabu ya mbele na lakabu ya nyuma. Kwa Mwingereza hayo yamemkaa sawasawa. Kwa mtu wa Pwani ni mtihani. Chukua mathalan mtu aitwaye Salim bin Athman bin Kombo. Salim ndiye yeye. Athman ni babake. Kombo ni babu yake, Mungu amrehemu, aliyekufa kabla ya stima kufika mtaani. Fomu ikiuliza jina la ukoo, Salim huandika Kombo, kwa kuwa ndilo la mwisho. Na tangu siku hiyo mtambo humwita Bwana Kombo, humtumia Bwana Kombo mialiko, na humpanga chini ya herufi K. Mwanawe Salim naye akifungua kadi yake, ataandika Athman mahali pale pale, na hapo baba na mwana watakuwa koo mbili mbalimbali katika daftari moja. Wenye nisba zao wamesalimika kidogo, ila ile "Al" huwarundika wote chini ya A kama mahujaji ndani ya meli moja. Neno "binti" halina mahali pa kukaa. Mtambo hudhani ndilo jina la huyo bibi. Na katika orodha ya lakabu utampata Bwana, Bibi, Daktari na Profesa, lakini Maalim, Sharifu na Ustadh hawamo.

Waweza kusema hayo ni madogo. Si madogo kwa mtu aliyewahi kukataliwa hundi au kupotezewa tikiti ya ndege kwa sababu jina la huku si jina la kule. Kadi ndiyo huingia katika daftari za ofisi, na daftari za ofisi ndizo huzaa barua, mikataba na malipo. Jina likipinda pale mwanzo, huendelea kupinda.

Wala mpango wenyewe hauna kosa. Katika toleo lake la mwaka wa 2011 kinacholazimishwa ni kitu kimoja tu katika mambo ya jina, nacho ni jina kamili kama mwenyewe anavyotaka liandikwe. Kule kuligawa vipande kumeachwa kuwa hiari. Wanaolazimisha ni watengenezaji wa programu, ambao wamezoea majina ya kwao na hawakumuuliza mtu wa Pate wala wa Vanga. Kwa hiyo vijana wetu wanaotengeneza programu hapa Kenya hawana udhuru. Wakitaka, leo hii wanaweza kumpa mtu nafasi moja ndefu aandike jina lake lote, na bin zake na binti zake.

Na waangalie jinsi watu wa mji huu wanavyohifadhi majina simuni bila kufunzwa na yeyote. Hakuna asiye na akina Mohamed ishirini. Basi huandika: Mohamed Fundi Stima, Mohamed wa Kuze, Mohamed Mkwe wa Bi Rukia, Omari Tuktuk, Mama Swaleh Mahamri. Ile isnadi yetu imeingia simuni kwa miguu yake! Mtu ameandikwa kwa kazi yake, au mtaa wake, au yule aliyemleta. Kadi ya kidijitali huja na jina lililokwisha kupangwa na mwenyewe, "M. A. Said, Mkurugenzi Mtendaji", likaingia simuni hivyo hivyo, na baada ya mwezi humjui ni nani katika wakurugenzi watendaji wote uliokutana nao. Karatasi ilikuwa na mgongo. Mgongoni mwa kadi mtu aliandika kwa mkono wake: tulikutana Malindi, kaletwa na fulani, mbao zake nzuri, mkali wa bei. Maandishi yale ndiyo yaliyokuwa ya faida kuliko yaliyochapwa. Simu nayo ina nafasi ya kuandika kumbukumbu, ila nani huifungua? Kijana ukimaliza kuskani, andika papo hapo nani kakujulisha kwa mtu huyo. Ni kazi ya nusu dakika.

Sasa nije kwa wanawake, na hapa naomba wasomaji wa kiume wasikimbilie ukurasa wa michezo. Katika mji wetu biashara nyingi za wanawake ziko majumbani: wapaka hina, wapishi wa visheti na mahamri, washonaji mabuibui, wenye kutengeneza udi na maua ya harusi. Zamani kadi ya biashara kama hiyo, ikiwapo, ilibeba jina la biashara na namba moja, labda ya duka la kaka mtu. Kadi ya kidijitali kwa kawaida hutaka picha ya uso, namba ya mkononi, na viungo vya mitandao yote, mahali anapoweka picha za watoto wake. Aliyekuja kuagiza keki moja amekwisha kuingia mpaka chumba cha ndani.

Waliojenga nyumba zetu za kale walilijua jambo hili. Walijenga daka, mgeni akakaa hapo juu ya baraza ya mawe, akapewa kahawa na heshima zake zote, na shughuli zikaisha bila yeye kuona ndani. Kadi nayo ijengewe daka. Laini ya biashara iwe mbali na laini ya nyumbani. Mitandao ya jamaa isitiwe katika kadi ya kazi. Na bibi anayeweka picha ya kiganja kilichopakwa hina mahali pa uso wake hajapungukiwa na kitu. Wateja wake wanatafuta hina. Programu ikimkatalia kusonga mbele mpaka atie picha ya uso, aiache, ziko nyingine.

Tuje kwenye amana. Kadi ya karatasi ukishampa mtu ni yake, na habari zilizomo zi baina yenu wawili. Kadi nyingi za kidijitali haziko hivyo. Vile vidoadoa havina jina lako ndani. Vina njia tu ya kwenda kwenye mtambo wa kampuni fulani, na huko ndiko jina lako liliko. Kila anayeskani hupita kwanza mlangoni kwa kampuni hiyo, ikajua ni saa ngapi na yuko mji gani. Baadhi yao humtaka mpokeaji naye aandike jina na namba yake. Umeitwa kupokea, unaambiwa kwanza utoe! Na yule aliyekupa kadi hana nia mbaya, maskini. Naye pia hajui.

Kisha kampuni nazo hufa. Mwaka wa 2009 ilitokea Marekani programu iitwayo Bump. Watu wawili waligonganisha simu zao kama wanaosalimiana kwa ngumi, na majina yakahama. Ilipendwa mno. Septemba 2013 Google ikainunua, na mwisho wa Januari 2014 ikafungwa. Mwaka huo huo wa 2014 LinkedIn nao wakaifunga CardMunch, programu ya kugeuza kadi za karatasi kuwa za simu waliyokuwa wameinunua mwaka wa 2011. Waliokuwa wameweka watu wao humo walipewa muda wa kuhamisha mizigo, kama wapangaji. Nao walikuwa na bahati kupewa muda. Leo kadi nyingi hizi hulipiwa kwa mwezi au kwa mwaka. Ada ikikatika, njia hukatika, na kile kipande cha plastiki ulichonunua kwa fedha nyingi hubaki cha kupakia siagi.

Iko njia nyingine ambayo wauzaji hawaipigii debe kwa kuwa haina mapato. Vidoadoa vyaweza kubeba kadi yenyewe ndani yake: jina, kazi, namba, anwani, yote. Kisanduku kimoja huweza kuchukua hadi herufi na tarakimu 4,296, na jina la mtu wa Pwani, hata likipanda hadi babu wa saba, halijazi nusu. Kadi ya namna hiyo husomeka pasipo intaneti, haipiti kwa kampuni yoyote, na haifi mpaka namba yenyewe ife. Vilevile kadi ya vCard unaweza kuiandika katika simu yako mwenyewe ukamtumia mtu kwa WhatsApp bila kulipa senti. Ila lazima niseme na upande wa pili: kadi iliyobeba habari ndani yake haibadiliki. Ukibadilisha laini, ndiyo basi, umerudi kwenye shida ya karatasi. Kwa hiyo mtu achague. Fundi mwenye namba moja miaka kumi na mitano hana haja ya kumlipa mtu kila mwezi. Mwenye kuhamahama huenda akahitaji ile nyingine, na ailipie akijua anachonunua.

Sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inamtaka anayekusanya habari za watu hapa Kenya aseme anazikusanyia nini, na inampa mwenyewe haki ya kudai zisahihishwe au zifutwe. Wachache huitumia. Na kuskani ovyo kuna hatari zake: mwanzoni mwa mwaka wa 2022, polisi wa Austin, katika jimbo la Texas, waliwatahadharisha watu juu ya vidoadoa vya bandia vilivyobandikwa kwenye mashine za kulipia maegesho ya magari, vikiwapeleka walipaji kwa matapeli. Vidoadoa havisomeki kwa jicho la mtu. Karatasi ikikudanganya, angalau ilikudanganya kwa maneno uliyoyaona.

Lakini linaloniuma zaidi si matapeli. Mwaka wa 2023 nilihudhuria mkutano katika hoteli moja ya pwani ya kaskazini, uliowakutanisha mafundi wetu na wanunuzi kutoka Nairobi na ng'ambo. Waandalizi walitangaza kwa fahari kwamba hapatakuwa na karatasi. Kila mtu alivaa kifuani kibandiko chenye vidoadoa, na kila kibandiko kilifungua ukurasa ambao mwenyewe alipaswa kuujaza wiki moja kabla, kwa Kiingereza, kwa barua pepe. Palikuwa na mchonga milango mmoja, mzee wa makamo yangu na kupita, mwenye simu ya kabambe. Mkononi alikuwa na kadi zake, amezichapisha kwa ajili ya siku hiyo. Wanunuzi walimskani kifuani, ukurasa ukatoka mtupu, wakamchekea kwa adabu wakapita. Nilimwona mmoja akirudishiwa kadi aliyokwisha kuipokea, kijana wa zamu akisema, "Hapa tumeacha mambo hayo." Kazi ya mzee yule iko katika milango ambayo watalii huja kuipiga picha. Siku ile hakuandikwa popote.

Kwa hiyo nawaambia waandalizi wa mikutano, na wengi wao ni watoto wetu: kadi ya kidijitali iwe mlango wa pili, usiwe mlango wa pekee. Kumpokea mtu kwa kile alicho nacho mkononi ni katika uungwana, na hakugharimu kitu. Na kama hamna budi kutumia kurasa, basi mpelekeeni fundi kijana mmoja akae naye nusu saa, amwandikie kwa Kiswahili na kwa Kiingereza.

Nimebakiza moja, nayo ni ya kumbukumbu. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki yapata mwaka wa 1840. Mashairi yake yangaliondoka na waliokuwa wakiyakariri, lau si Mwalimu Sikujua wa hapa hapa Mombasa, aliyeyakusanya na kuyaandika pamoja na Mwingereza William Taylor mwishoni mwa karne ya 19. Ndipo mwaka wa 1940 William Hichens akapata kuichapisha diwani. Tunajivunia Muyaka kwa sababu mtu fulani alitia wino karatasini. Vivyo hivyo London. Bibi mmoja, Sarah Sophia Banks, aliyefariki mwaka wa 1818, alikuwa akikusanya kadi za wauza duka, zile ambazo wenzake walizitupa. Baadaye Ambrose Heal naye akakusanya za kwake. Leo zote ziko katika Makumbusho ya Uingereza, na mtaalamu akitaka kujua mwaka fulani nani alikuwa akiuza chai, nani alishona kofia, na katika mtaa gani, huenda huko akasoma.

Nani amekusanya za Mombasa? Katika mtoto wa meza yangu mna kadi za washona kanzu, wauza saa, mafundi wa redio, wapiga picha wa studio, mawakala wa safari za Hija, nahodha mmoja, na mtu aliyejiandika "Mtaalamu wa Kurekebisha Taipureta". Wengi wametangulia mbele ya haki, na maduka yao leo yanauza vifuniko vya simu. Si historia kubwa ya masultani na ngome. Ni ya watu walioufanya mji uende. Zile kurasa za simuni, mwenyewe akifa na ada ikakatika, zitakusanywa na nani?

Basi mwenye kadi za zamani nyumbani asizitupe. Aandike kwa kalamu, mgongoni, mwaka alioipata na mtaa wa mwenyewe, azitie katika bahasha. Wataalamu wa Makumbusho ya Kitaifa wako pale Fort Jesus, na nadhani wangefurahi kuletewa bahasha ya namna hiyo kuliko tunavyodhani. Na anayehamia simuni leo achapishe chache za karatasi, mia moja zatosha, aandike jina lake lote kama alivyoitwa na babake, na nyuma atie vile vidoadoa vyenye kadi ndani yake. Mchapishaji akimwambia jina ni refu mno, amwambie apunguze ukubwa wa herufi.